Marou Aliyeshika Uzi

Sideris alifia mkahawani kwangu, kwenye meza ya dirishani, nikiwa bado nachanganya karata. Alikuwa ameagiza kahawa ya pili na kulalamika kwamba ile ya kwanza ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Nilipoinua macho alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, kama mtu anayemtazama paka nje. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Novemba. Nikavua aproni nikaenda kumwambia dada yake.

Nilimkuta Marou uani, sinia mapajani, anasafisha mastiki, utomvu mkavu wa miti yetu. Nilimwambia kama ilivyokuwa, maana sijui njia nyingine ya kusema mambo ya namna ile. Aliweka kisu kando. Akaniuliza kama Sideris alikuwa amevaa koti, kwa sababu asubuhi alimwambia avae naye akatoka bila kujibu. Nikasema amevaa. Akasema, "Haya," akainuka, akalifunika sinia kwa kitambaa vumbi lisiingie, tukaondoka pamoja. Njiani alisimama mara moja kumfungia jirani lango lililokuwa linagongagonga.

Walikuwa wawili tu, kaka na dada, Marou sitini na minne, Sideris sabini. Hakuna aliyeoa wala kuolewa. Kwanza mama yao aliugua miaka mingi, halafu ikawa mazoea. Marou alichumbiwa mara moja, na baharia, ambaye alishuka melini Argentina akanogewa hukohuko. Hakuwahi kumtaja, na sisi tulikuwa na adabu ya kutomtaja mbele yake.

Kazi yao ilikuwa kuta. Huku kusini mwa kisiwa cha Chios hatupaki nyumba rangi, tunazikwaruza. Fundi anapiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na mchanga mweusi wa ufukweni, juu yake anapaka chokaa nyeupe, kisha kabla haijakauka anaikwaruza kwa uma, na weusi wa chini unajitokeza: pembetatu, misumeno, majani, miezi. Ukikosea huwezi kufuta. Ikishakauka, imekauka. Sideris alikuwa fundi wa mwisho kijijini aliyefanya hivyo kwa chokaa tupu bila saruji, na nusu ya nyumba za hapa zina mkono wake.

Lakini mwezi hauchorwi kwa jicho. Unachorwa kwa uzi. Mtu mmoja anaubana mwanzo wa uzi ukutani kwa kidole gumba, mwingine anaizungusha ncha yake. Aliyeubana, miaka thelathini na minane, alikuwa Marou. Yeye ndiye aliyeosha mchanga, akachekecha, akakoroga chokaa, akashika ngazi, akabana uzi. Watu waliposimama barabarani kusifu ukuta walisema, "Mikono yako, Sideris," na Sideris aliitikia, na Marou alikuwa anaosha ndoo. Sisemi kwamba alinung'unika. Sikumbuki kumsikia akinung'unika.

Miezi mitatu kabla Sideris hajafa, moto ulipita. Ulikuja Agosti, katikati ya mavuno, ukashuka kilimani alasiri moja na kula miti yao mia mbili na kumi ya mastiki. Mti wa mastiki unakwaruzwa ganda, unatoa utomvu, utomvu unaganda, unaokotwa punje kwa punje. Ukipanda leo, utasubiri miaka mitano au sita kabla hujaokota punje ya kwanza, na kumi na tano kabla hujaokota ya maana. Mtu wa miaka sabini hapigi hesabu hiyo. Sideris alikuwa akienda kila asubuhi kukaa kwenye kingo za mawe kule juu, katikati ya visiki, halafu anashuka mkahawani kunitukania kahawa. Wengi tunasema moto ndio uliomuua, ila ulimfikia polepole, kwa mguu. Daktari aliandika moyo.

Sasa jambo lililowasumbua watu ni kwamba Marou hakulia. Hakulia mazishini. Siku ya arobaini alichemsha ngano, akaitia sukari na zabibu kavu na komamanga, akapanga juu yake msalaba wa lozi ulionyooka kama umepimwa kwa rula, akaigawa mlangoni mwa kanisa, kila mtu bakuli lake, bila kumsahau mtu. Aliyelia alikuwa Kalliroi.

Kalliroi ni mjane wa binamu yao. Nyumba yake na ya Marou zinagawana ukuta mmoja na ugomvi wa miaka ishirini juu ya kuku. Siku ile alilia mpaka padri akanyamaza kumsubiri. Baadaye aliwaambia wanawake, wakiwa wamekaa mkahawani kwangu:

"Nimelia ya kwangu na nimelia ya kwake. Kichwa kinanigonga. Na yeye, unajua ananiuliza nini? 'Wifi, sukari imetosha?'"

"Wengine wana moyo wa jiwe," mmoja akasema.

"Usimseme wifi yangu," Kalliroi akamkata. "Nikitaka kumsema nitamsema mwenyewe."

Marou mwenyewe aliniambia, miezi mingi baadaye, kwamba haikuwa huzuni. Huzuni anaijua, alishaishi nayo alipokufa mama yao. Hii ilikuwa ganzi, kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno. Unajua mdomo upo, unaugusa kwa kidole, lakini si wako.

Kipupwe chote alisafisha mastiki. Kulikuwa na gunia la mavuno ya kwanza, lile waliloliwahi kabla ya moto, na alilimaliza punje kwa punje, kwa ncha ya kisu, kama tunavyofanya. Mwishoni mwa Februari punje ziliisha. Kalliroi alichungulia juu ya ukuta akamwona amekaa palepale, sinia tupu mapajani, kisu mkononi. Akamuuliza anafanya nini.

"Nimekaa," Marou akajibu.

Kalliroi akashuka ngazi, akampelekea supu. Marou aliinywa. Chochote kilichowekwa mbele yake alikula, kwa hiyo hatukuweza hata kusema amekataa kula.

Mwanzoni mwa Machi basi la mchana lilimshusha mama mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za askari, sanduku la rangi begani na barua mkononi. Jina lake Milena, wa Slovenia, mwalimu mstaafu wa kuchora, na Kigiriki chake kilikuwa cha kununulia mkate. Barua ilikuwa ya Sideris. Mwaka mmoja kabla, mama huyu alipita kijijini akamkuta Sideris juu ya ngazi, wakaelewana kwa mikono, na Sideris akamwahidi chumba cha juu na maua ya Machi. Hakuna aliyekumbuka kumwandikia kwamba mambo yamebadilika. Nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni.

"Bwana Sideris yuko?" Milena akauliza.

"Amekufa," Marou akasema.

Mama wa watu akabaki ameshika barua. Akauliza lini.

"Novemba. Chumba kipo. Unakula maharage?"

Basi akakaa. Kalliroi alikuja mkahawani jioni hiyo hiyo kutangaza kwamba wifi yake amempangisha mgeni kitanda cha marehemu kabla mwaka haujaisha, na kwamba haijawahi kutokea. Nikamwambia mgeni alialikwa na marehemu mwenyewe. Akafikiri kidogo. Akasema, hata kama.

Milena alitaka kuyaona maua mekundu ambayo Sideris alimsimulia. Ni tulipu za mwituni, zinazoota zenyewe mashambani mwetu na kwenye kingo za mawe, na ndani ya kikombe zina doa jeusi kama jicho. Bibi zetu walikuwa wakizichuma kwa mafungu. Mwaka ule, kwa kuwa moto ulikuwa umefagia vichaka vyote, zilitoka nyingi kuliko nilivyowahi kuona, na nimeishi hapa miaka sitini na mmoja. Mahali zilipotoka kwa wingi kabisa ni kwenye shamba la Marou.

Marou hakuwa amefika kule tangu Agosti. Alivaa viatu vya Sideris vya shambani, kwa sababu vyake vilikuwa na tundu, akampeleka mgeni. Walipanda polepole, saa nzima. Kule juu visiki ni vyeusi na mawe yamepasuka kwa joto, na katikati ya visiki, kwenye matuta yaliyopangwa kama ngazi mpaka chini bondeni, wekundu mtupu.

Milena alisimama. Halafu akaanza kulia. Si kilio cha adabu, ni kile kinachokunja mabega. Akaketi kwenye jiwe, kwenye jiwe lilelile alilokuwa akikaa Sideris, ingawa hangeweza kulijua, akalia na sanduku la rangi miguuni.

"Mimi samahani," alisema. "Mimi sijui kwa nini."

Marou alimpa kitambaa. Alisimama pembeni yake akaangalia maua, akaona kwamba ni mekundu, akaona kwamba ukingo wa pili umebomoka na mbuzi watapita. Akakumbuka maharage aliyoyaacha jikoni.

"Nilimwangalia akilia," aliniambia, "nikasema moyoni, bora amepatikana mtu wa kuifanya hiyo kazi."

Walirudi kule kila siku kwa wiki mbili. Milena alichora. Marou alikaa, au aliokota mawe na kuyarudisha ukingoni, si kwa sababu yoyote. Mgeni aliuliza majina. Hili linaitwaje, na lile lenye sura ya nyuki? Marou alimtajia majina aliyoyapata kwa mama yake, na mgeni aliyaandika vibaya kwenye daftari. Jioni Milena alishuka uwanjani, akaweka kiti mbele ya mkahawa wangu, akauchora ukuta wangu.

Ukuta wenyewe ulikuwa kazi ya Sideris ya miaka thelathini iliyopita, safu sita kuanzia juu ya mlango mpaka chini ya paa. Tarehe ishirini na nne Machi ilinyesha kutwa. Asubuhi yake, sikukuu ya Bikira Maria, watu wakiwa kanisani na mimi nikikaanga samaki wa chumvi, nilisikia kishindo kama cha gunia la unga. Nilipotoka, lipu yote ya ukuta wangu ilikuwa uwanjani. Milena alikuwa amemaliza kuchora safu nne tu.

Nilimwita Trifon, fundi wa kijiji cha pili. Simsemi vibaya, ni mchapakazi na goti lake linamsumbua. Alikuja na makaratasi magumu aliyokata sura za pembetatu na miezi. Mpango wake ulikuwa kupiga saruji, kubandika karatasi, na kupaka rangi ya kijivu. Siku mbili kazi imekwisha, kabla ya Pasaka, kabla ya watalii.

Nilikuwa nimeshakubali. Marou alikuwa anapita na mkate kwapani. Akasimama, akaichukua karatasi moja kutoka mezani, akaigeuza.

"Mwezi wako una pembe," alimwambia Trifon.

"Kidogo tu, mama. Kutoka chini nani ataona?"

"Mimi."

Alisema bila ukali, kama mtu anayejibu ni saa ngapi. Kisha akanigeukia mimi. "Zannis, una gari. Niletee mchanga mweusi, ndoo ishirini. Usichote karibu na maji."

Nikamuuliza, dada Marou, una hakika? Akasema hapana. Akachukua mkate wake akaenda. Trifon alicheka, akasema goti lake linamshukuru Marou, akaniachia makaratasi yake, ambayo mke wangu aliyatandika chini ya ndimu.

Baadaye nilimuuliza Marou ni nini kilichomsukuma. Nilitaka aseme heshima ya kaka yake, au kitu cha namna hiyo. Alisema shimo la chokaa lilikuwa limejaa, chokaa ya miaka mitatu, iliyoiva vizuri, na angeifanyia nini.

Aliuosha mchanga mara tatu kuutoa chumvi. Chokaa aliichimba kwa mikono mitupu, kwa kuwa hakukumbuka kuvaa glavu, na Kalliroi alipochungulia juu ya ukuta alimwona mkono wa kulia umetoka malengelenge mpaka kifundoni.

"Wifi, unaungua."

Marou akautazama mkono. "Kumbe," alisema. Akaenda kuuosha kwa siki.

Lilibaki suala la uzi. Milena alijitolea, lakini vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, ndiyo maana alichora polepole vile. Mimi nilikuwa na mkahawa. Marou aliangalia huku na huku uwanjani, akagonga mlango wa Kalliroi.

Siku tatu zile kijiji kizima kilihamia mkahawani kwangu, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa. Juu ya jukwaa la mbao, wanawake wawili wenye nguo nyeusi, mmoja mrefu mkimya, mwingine mfupi kama kifuniko cha chungu, na mfupi hakufunga mdomo.

"Shika hapo," Marou akasema.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na nisipumue?"

"Pumua. Usiongee tu."

"Hilo ndilo gumu." Akanyamaza labda kwa muda wa kumeza mate. "Miaka yote nimedhani una kazi ngumu, wifi. Kumbe kazi yenyewe kusimama kama mshumaa."

"Kidole kimesogea."

"Hakijasogea."

"Kimesogea. Mwezi umekuwa yai."

Watu chini wakacheka. Marou hakucheka na hakukasirika. Akapaka chokaa upya mahali pale, upesi, kabla chini hapajakauka, na safari hii kidole hakikusogea.

Alikwaruza kwa uma wa Sideris, ule wa meno mawili yaliyokunjwa. Hatukuwahi kumwona akiushika. Mimi nilitegemea mkono wa kujifunza, wenye woga. Haikuwa hivyo. Alifanya kama mtu anayeandika jina lake. Pembetatu zilitoka kali, misumeno ikanyooka, na majani yalikuwa na mshipa wa katikati, ambao Sideris hakuuweka kamwe. Wazee walianza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Mikono yako, Marou," na yeye akaitazama mikono yake kana kwamba ameambiwa ina uchafu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, safu ya tano ilikuwa imekamilika na imeshaanza kukauka. Wakashuka kula. Marou alirudi nyuma hatua kumi na tano, mpaka kwenye bomba la maji, akageuka kuangalia. Alisimama muda mrefu. Nilikuwa mlangoni na sahani mbili za mboga ya artichoki.

Pembetatu za safu ya tano zilikuwa kichwa chini. Safu zote nyingine zinatazama juu, ile ya tano inatazama chini, upana mzima wa ukuta.

"Kalliroi," Marou akasema. "Uliona?"

"Niliona," Kalliroi akasema, akikung'uta chokaa nywelani.

"Saa ngapi?"

"Tangu ile ya kwanza. Nikasema, huenda ndivyo anavyotaka. Ulikuwa unakwenda kwa uhakika namna ile, mimi nani."

"Umekuwa unaongea siku tatu," Marou akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Siku tatu. Umeniambia mahari ya mpwa wako, umeniambia nyonga ya padri, umeniambia kuku wangu walitaga kwako mwaka ule na ukala mayai. Na hili, hili moja, ukalimeza. Macho umepewa ya nini? Kichwa umepewa cha kufungia kitambaa?"

Alipiga kelele. Tangu Novemba hakuna aliyemsikia Marou akisema jambo kwa sauti inayozidi ya mtu anayeomba chumvi, na sasa alikuwa mwekundu mpaka shingoni, anamtukana wifi yake mbele ya watu, akifika kwenye mambo ya kuku ya miaka kumi na tano nyuma. Kalliroi alisimama pale, akatukanwa, na machozi yakimtiririka usoni penye chokaa alikuwa anatabasamu.

"Endelea," alimwambia. "Endelea, mama. Bado hujafika kwenye jogoo."

Marou akakoma. Alikaa juu ya rundo la mchanga, palepale, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto. Alipumua. Niliweka sahani chini.

"Nimegeuka kumwonyesha," alisema taratibu. Hakuwa anamwambia Kalliroi wala mimi. "Nilipoona vile nikageuka kumwonyesha Sideris."

Milena, ambaye sidhani kama alielewa hata maneno kumi, aliacha kuchora. Kalliroi alikwenda akakaa naye juu ya mchanga, bega kwa bega. Marou alikunja uso kama mtu ambaye mguu wake uliokufa ganzi unaanza kurudi, pale sindano zinapopita na hujui uukanyage au uuache. Machozi yalimtoka kidogo. Ningesema vijiko viwili. Kisha akapangusa pua kwa kiganja, akajipaka chokaa mdomoni, akaniuliza kama hizo artichoki zina limau.

Nilimwambia aiache safu ya tano, mimi ndiye mwenye ukuta na mimi nimeridhika. Akasema hakuna kingine cha kufanya, imekauka. Alasiri wakapanda tena, wakamaliza ya sita.

Ningependa kusema kuanzia hapo alipona. Sivyo. Asubuhi yake nilimpelekea kahawa nikamkuta vilevile, amekaa, sauti ya kuomba chumvi. Aliniambia ganzi ilifunguka na ikafunga, na kwamba ilipofunga alishukuru. Wiki ya Mateso alikwenda na wanawake kuchuma maua ya kupambia jeneza la Bwana, na tulipu nyingi zilitoka shambani kwake, mapakacha manne. Alizichuma kwa mpangilio, ngazi ya juu kwanza. Alizifunga mafungu yaliyolingana. Wanawake walipoanza kuimba maombolezo kanisani yeye alikuwa amekaa nyuma, anaangalia saa.

Milena alikuwa ameshaondoka, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Alimwachia Marou mchoro wa tulipu moja, na kiazi chake cha chini ya ardhi, na mizizi yake, na punje za masizi kwenye udongo. Ni kazi nzuri sana, mimi sijui mambo hayo lakini ukiuangalia unataka kuupuliza masizi yatoke. Marou alishukuru, akaufungia kwenye droo. Akampa mgeni mfuko mdogo wa mastiki ya lile gunia. Basi lilipofika, Milena alimkumbatia, na Marou akasimama amekumbatiwa, mikono chini, mpaka yule mwingine alipomaliza.

"Mwaka kesho chumba kipo," alimwambia.

Trifon alikuja Pasaka na familia yake. Alinywa kinywaji chetu cha tini pale nje, akainua macho ukutani.

"Safu ya tano imepinduka," aliniambia.

"Najua."

"Nani kaona?"

"Wote."

Alicheka. Akaangalia tena, kwa muda mrefu zaidi, akasema ila miezi ni miezi. Watalii waliokuja Mei na vitabu vyao waliipiga picha safu ile kuliko nyingine. Mmoja alinieleza kwamba pembetatu zinazotazama chini ni ishara ya kale ya mvua. Sikumpinga, alikuwa ameagiza chakula cha watu wanane.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Marou sasa anafanya ukuta mmoja au kuta mbili kwa mwaka, akiitwa. Hatangazi wala hakatai. Kalliroi anashika uzi, anaongea, na wameacha kuzungumza kwa sababu ya kuku mara mbili, mara zote katikati ya kazi, wakielekezana kwa mikono. Milena amerudi mara moja. Januari iliyopita Marou alipanda vijiti arobaini vya mastiki kwenye ngazi ya juu, akavizungushia mawe mbuzi wasile. Thelathini na moja vimeshika. Nilipiga hesabu ya umri wake na ya miti, nikaiweka kando.

Bado hazungumzii kaka yake. Nguo zake alimpa padri, uma ameubakiza. Wanaosema ana moyo wa jiwe wamepungua, si kwa kuwa wamebadili mawazo, bali wamezoea, na kuna misiba mingine ya kuzungumzia.

Juzi alikuwa amekaa kwenye meza ya dirishani. Si makusudi, nyingine zote zilikuwa na watu. Nje ilikuwa Machi, jua la saa nne, watoto wa shule wakipita na tulipu walizozing'oa na viazi vyake, jambo ambalo tunawakataza kila mwaka. Nikamuuliza kama anaipenda hii kazi sasa, ya kuta. Alilifikiria swali. Marou hajibu swali bila kulifikiria, na nilikuwa nimeshaenda kuhudumia meza nyingine na kurudi kabla hajapata jibu.

"Nikiwa juu kule," alisema, "siwazi kitu. Hapa chini pia siwazi kitu. Lakini kule juu panakuwa na ukuta."

Kisha akaniambia kahawa yangu ni mbaya. Nikampikia nyingine.